Pampu ya Saa Tisa Usiku

Gatwekera, kijiji cha Kibera jijini Nairobi, haina tambarare ya kujivunia. Anayeshuka matatu Olympic na kuvuka reli, ile iliyofika Kisumu mwaka wa 1901, huanza kuteremka papo hapo: kichochoro, ngazi za mawe, ubao juu ya mtaro, kichochoro kingine, hadi bondeni ambako maji meusi hujikokota kuelekea Bwawa la Nairobi. Kila kitu kijijini humu kina wa juu na wa chini. Mvua ikinyesha, wa juu hukinga ndoo, wa chini huinua godoro.

Ni mteremko huo huo unaowatia tamaa wapenzi wa kilimo cha mjini. Wazo lao ni tamu kulisimulia. Tangi la samaki linakaa juu, vitanda vya mboga vinapangwa kama ngazi kushuka, maji yanateremka yenyewe yakiwa na uchafu wa samaki, mboga zinajilisha, na maji yanafika chini yakiwa yamesafika. Kisha yanarudishwa juu. Kilimo hiki huitwa akwaponiki, na katika hadithi yote hiyo ni sentensi iliyo fupi kuliko zote, "kisha yanarudishwa juu", inayokula pesa.

Hakuna haja ya kumshawishi mkazi wa Gatwekera kwamba samaki ni chakula. Jioni ikiingia, karai za mafuta huwekwa kando ya njia na mgongo wazi huanza kukaangwa: mifupa ya sangara iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu na kuisafirisha ng'ambo. Omena hupimwa kwa mkebe. Ngege (tilapia) mzima, aliyenona, ni wa mgeni au wa mwisho wa mwezi. Kando ya samaki, sukuma wiki. Na sukuma wiki ya Kibera ina historia yake. Mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kukatiza njia za chakula, shirika la Solidarités International lilieneza kilimo cha magunia, mboga zikachomoza ubavuni mwa magunia ya udongo milangoni mwa watu. Mwaka huo huo kikundi cha vijana kilifagia jaa la takataka na kuligeuza shamba la mboga. Mwaka uliofuata serikali ilikuja na mpango wake wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140, lakini bwawa linataka shamba, na chumba cha kawaida cha Kibera ni futi 12 kwa 12. Tangi la lita 1,000, mojawapo ya yale ya plastiki yenye kimia cha chuma yanayouzwa baada ya kubeba mafuta ya kupikia au sabuni, linaenea mahali ambapo bwawa haliwezi hata kuota.

Kwa hivyo wazo si la kipuuzi. Swali ni pampu.

Na kabla ya pampu, neno moja kuhusu kinachozunguka. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu, na amonia ikirundikana huwaua. Kwenye kokoto za kitanda cha mboga huishi bakteria wa aina mbili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na wa pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ndiyo mbolea ambayo managu, spinachi na dania huifurahia. Bakteria hao wanahitaji unyevu na hewa. Samaki wanahitaji hewa zaidi. Mfumo wote, ukiutazama vizuri, ni namna ya kupeleka oksijeni mahali panapohitajika, na maji ni mkokoteni tu.

Hapo ndipo saa tisa usiku inapoingia.

Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 22 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 8.7 za oksijeni kwa kila lita. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na maji yale yale hushiba kwa miligramu 7 hivi. Samaki wa Kibera huamka na deni ambalo mwenzake wa Mombasa halijui. Sasa weka kilo 20 za ngege, yaani samaki 50 wa gramu 400, ndani ya lita 1,000. Kwa pamoja hutumia gramu nne au tano za oksijeni kwa saa, na tangi zima lina gramu saba. Ikishuka chini ya tatu hivi wanapanda juu na kuanza kumeza hewa kwa midomo wazi. Pampu ikizimika, mwenye samaki ana saa moja, pengine mbili. Ikizimika saa tisa usiku, hana hata moja, kwa sababu amelala.

Stima, basi? Sehemu kubwa ya Kibera imezoea stima ya "sambaza", ile inayovutwa kwa waya kutoka kwa jirani aliyevuta kwa jirani. Kwa balbu na redio huo ni mkataba unaovumilika. Kwa samaki ni kamari. Transfoma ikilipuka Jumamosi usiku, Jumatatu hakuna samaki. Ndiyo maana macho yanaelekea kwenye jua, na miguu inaelekea Luthuli Avenue.

Maduka ya Luthuli yana kila aina ya pampu, na muuzaji ana swali moja: "Boss, unataka ya wati ngapi?" Swali hilo limewapoteza wengi. Wati si sifa ya pampu pekee. Ni matokeo ya mambo mawili ambayo muuzaji hawezi kuyajua akiwa nyuma ya kaunta, kiasi cha maji na urefu wa kuyapandisha. Pampu inayojisifia lita 3,000 kwa saa kwenye boksi hutoa lita hizo ikiwa imelala, mdomo wake ukiwa sawa na uso wa maji. Ipandishe mita moja, lita zinapungua. Ipandishe hadi kikomo chake, ambacho pia kimeandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, na itanguruma, itapata joto, na haitatoa hata tone. Mafundi huuita umbali huo wa kwenda juu "hedi". Tuuite kimo.

Chukua kilima cha mita sita kutoka tangi la chini hadi tangi la samaki; Gatwekera mita sita ni hatua chache tu za ngazi. Kanuni inayotajwa sana kwa mifumo midogo ni kuzungusha ujazo wa tangi la samaki mara moja kila saa. Lita 1,000 kwa saa, mita sita kwenda juu, ni sawa na kumwambia mtu abebe mitungi 50 ya lita 20 hadi ghorofa ya pili, kila saa, asilale. Kwa hesabu za fizikia kazi hiyo ni wati 16 tu. Lakini pampu ndogo za umeme wa betri hupoteza sana; ukipata asilimia 30 ya umeme ikigeuka kuwa maji yanayopanda, mshukuru aliyeitengeneza. Ongeza msuguano wa bomba na unafika wati 60 hivi.

Wati 60 si nyingi, hadi uzizidishe kwa saa 24. Zinakuwa wati-saa 1,440 kwa siku. Julai, Nairobi ikijifunika blanketi lake la mawingu, ni vyema kuhesabu saa nne tu za jua kamili, na kutoa theluthi kwa ajili ya vumbi, joto, nyaya na betri. Unaishia na paneli za wati 500 na ushei. Betri ya kuvuka saa 15 za giza na mwanga hafifu, ikiwa ni ile ya risasi na asidi isiyotakiwa kushushwa chini ya nusu, inatakiwa kuwa ya volti 12 na ampea-saa 150. Na hapo hakuna akiba ya siku ya pili ya mawingu.

Sasa futa kilima. Weka tangi la samaki na vitanda kwenye kipande kimoja kilichosawazishwa, tangi la kukusanyia likiwa limezama ardhini kidogo, na kimo kinashuka hadi mita moja na nusu. Maji ni yale yale, lita 1,000 kwa saa. Wati zinakuwa 14. Paneli zinakuwa wati 120 na ushei, betri ampea-saa 40 hivi. Samaki ni wale wale na sukuma ni ile ile. Kilichobadilika ni jembe na koleo za siku mbili za kusawazisha ardhi. Pampu bora kwa mlimani, mara nyingi, ni ile ambayo haijaambiwa kuna mlima.

Lakini kuna wanaoukosa usawa huo kabisa. Ukuta wa jirani uko hapa, mtaro uko pale, na nafasi iliyobaki ni vipande vitatu, kila kimoja chini ya mwenzake. Hao wana bomba la kufikiria, na bomba ni mwizi mpole. Kwenye bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 30, lita 1,000 kwa saa hukutana na msuguano unaolingana na kupanda mita sita zaidi. Yaani mtu aliyedhani ananunua pampu ya kilima kimoja amejipa vilima viwili, cha pili akakijenga mwenyewe kwa kubana shilingi kwenye bomba. Bomba la inchi moja, kwa umbali ule ule na maji yale yale, huongeza nusu mita tu. Tofauti ya bei ya mabomba hayo haifiki bei ya paneli moja ya kufidia. Kona nazo zina ushuru wake: kila kiwiko cha plastiki kinachokata pembe mraba hula kidogo, na bomba linalopinda taratibu kufuata mteremko ni bora kuliko lile linalopiga kona kama mchezaji wa kandanda.

Kwa upande wa kupandisha maji mara moja na kuyaacha yashuke, Gatwekera ina mfano wake hewani. SHOFCO, shirika alilolianzisha Kennedy Odede mwaka wa 2004 akiwa kijana wa Kibera, na ambalo shule yake ya wasichana ilifunguliwa papa hapa Gatwekera mwaka wa 2009, liliamua mabomba yake ya maji yapite juu ya mapaa badala ya ardhini. Yanaonekana wazi, yakining'inia kwenye milingoti. Bomba la ardhini Kibera hupita mitaroni; likipasuka, au likikatwa na magenge ya wauza maji, majitaka huingia. Maji ya SHOFCO hupandishwa mnarani kwa nguvu za mashine, halafu uzito wake wenyewe unayasukuma hadi vibandani. Shida ya kupanda inalipiwa mara moja, mahali pamoja, na mtu anayejua analipia nini.

Je, mfugaji naye ajenge kamnara kake? Apandishe maji mchana jua likiwapo, ayajaze tangi la juu, na usiku yateremke polepole bila betri? Wazo hili husikika la busara sana, na wengi hulifikia wenyewe wakiwa wamekaa wanautazama mteremko. Hesabu zake ni za kushangaza. Lita 1,000 zilizopandishwa mita sita zinahifadhi wati-saa 16. Betri ndogo ya pikipiki, volti 12 na ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Itumie nusu tu, ipitishe kwenye pampu inayopoteza asilimia 70, bado inafanya karibu kazi ile ile ya kupandisha. Upande mmoja, betri inayobebwa kwa mkono mmoja. Upande wa pili, tani nzima ya maji iliyokaa juu ya nyumba za udongo na mabati, kwenye mteremko ambao mvua za Aprili na Mei 2024 zilionyesha jinsi unavyoweza kubomoka. Mtu mwenye mnara wa zege atumie mnara. Mwenye fito za mikaratusi anunue betri.

Ukubwa wa pampu haujaisha hapo, kwa sababu madukani kuna familia mbili za pampu za sola na zinachanganywa kila siku. Kuna zile za umwagiliaji, ambazo Kenya imezifahamu vizuri katika miaka kumi na ushei iliyopita. Futurepump ina pampu ya pistoni inayoweza kusukuma maji hadi kimo cha mita 15 kwa paneli ndogo. SunCulture huuza pampu zake kwa malipo ya mdogo mdogo kupitia simu. Davis & Shirtliff, kampuni iliyoanza Nairobi mwaka wa 1946, ina rafu nzima. Ni mashine za heshima. Kabla yake mkulima mdogo alikanyaga pampu ya MoneyMaker kwa miguu, na wengine bado wanakanyaga. Lakini pampu ya kumwagilia ni mfanyakazi wa mchana. Jua likichomoza inaamka, wingu likipita inapunguza mwendo, jioni inalala, na mahindi hayajali. Tena imetengenezwa kwa saa chache kwa siku, siku chache kwa wiki.

Pampu ya samaki haina likizo. Mwaka una saa 8,760. Mota yenye brashi, kama ile ya pampu ndogo za kutoa maji kwenye mashua ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia, husagika brashi zake na inaweza kufa kabla hata mboga za pili hazijakomaa. Mota isiyo na brashi, ambayo sumaku yake huzunguka ndani ya maji bila kugusana na nyaya, hudumu miaka. Muuzaji mwaminifu atakuambia ni ipi. Muuzaji mwingine atakuambia zote ni "original".

Fundi mwenye ujuzi angeanza kwa kuuliza: kwani lazima pampu moja ifanye yote? Kuna kazi mbili hapa ambazo zimefungwa pamoja kwa mazoea tu. Moja ni kupandisha maji ili bakteria wapate amonia na mboga zipate chakula. Nyingine ni kuwapa samaki pumzi. Ya kwanza inaweza kusubiri asubuhi. Kokoto zikibaki na unyevu, bakteria hawafi kwa kukosa mtiririko wa usiku mmoja. Ya pili haiwezi kusubiri dakika. Basi zitenganishwe. Pampu ya maji iunganishwe na paneli moja kwa moja, bila betri, ifanye kazi saa sita au saba za mchana kwa kasi kubwa. Pampu ya hewa, kale kadude kanakopuliza mapovu kupitia jiwe lenye vitundu, ipewe betri yake na paneli yake. Pampu ya hewa ya wati nane, saa 15, ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 inatosha, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuibeba.

Mgawanyo huu una faida nyingine ambayo miongozo mingi iliyoandikwa nchi za joto la pwani haiitaji. Julai usiku Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Maji yanayoteremka ngazi ya vitanda usiku kucha, yakirukaruka hewani, ni mashine nzuri sana ya kupoza maji. Ngege hunawiri kwenye nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 hupunguza kula na kukua, na chini ya 16 hivi huacha chakula kabisa. Kuzungusha maji usiku wa Julai, basi, ni kulipia umeme ili kuwakosesha samaki hamu ya kula. Mapovu nayo hupoza, lakini kidogo. Wengine humaliza ubishi kwa kufuga kambare, wale Wajaluo wanaowaita mumi. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, hivyo pampu ikilala naye hulala. Ila walaji wa mtaani wana maoni yao kuhusu kambare, na maoni ya mlaji ni sehemu ya hesabu.

Kuna betri moja zaidi ambayo haiuzwi Luthuli: samaki wachache. Kilo tano badala ya 20 kwenye tangi lile lile hurefusha saa moja ya uhai kuwa nne au zaidi. Wanalishwa asubuhi na adhuhuri, jua likiwa juu na maji yakizunguka, wala si jioni, maana samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi. Faida inapungua, ndiyo. Lakini mwaka wa kwanza wa mfumo wowote ni mwaka wa makosa, na ni afadhali kukosea kwa samaki 12.

Maji yenyewe hayawezi kutoka bondeni. Hilo hata halijadiliwi. Kile kinachopita chini ya Gatwekera ni majitaka yenye jina la mto. Yatatoka kwenye paa la mabati msimu wa mvua, au kwenye mtungi wa kununua. Ya mfereji yana klorini na huachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kukutana na samaki na bakteria. Tangi la lita 1,000 hupoteza kwa uvukizi na majani lita 10 hadi 30 kwa siku, kwa hivyo mtungi mmoja wa kila siku uingizwe kwenye bajeti mapema, na bei ya mtungi Kibera hupanda wiki ambayo mifereji imekauka. Mfumo unaovuja pole pole kwenye kiungo cha bomba utaonekana kwenye kibanda cha maji kabla ya kuonekana ardhini.

Paneli ni rahisi kuzungumzia. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, jua hupita karibu utosini, na paneli ingeweza kulazwa chali. Huinamishwa nyuzi 10 au 15 ili mvua ioshe vumbi na moshi wa jiko. Adui ni kivuli: waya mmoja, ukuta wa ghorofa mpya ya jirani, shati lililoanikwa. Kivuli cha shati kwenye pembe moja kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Kisha kuna wizi, unaojibiwa kwa kuchomelea fremu kwenye chuma cha pembe, na kuna paneli za uongo, zinazojibiwa kwa kipimo. Paneli ya kweli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12, jua la saa sita mchana, huonyesha volti 20 na kitu ikiwa wazi, na karibu ampea sita nyaya zake zikigusanishwa kupitia mita ya fundi. Ikionyesha ampea tatu, ni paneli ya wati 50 iliyobandikwa stika ya kaka yake. Fundi mwenyewe naye ana cha kuonyesha: mamlaka ya kawi, EPRA, hutoa leseni za mafundi wa sola kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Kodi nayo haitabiriki sana. VAT ilirudishwa kwenye vifaa vya sola Julai 2020 na kuondolewa tena mwaka uliofuata, na waliokuwa katikati ya kununua wanakumbuka.

Jambo jingine ambalo si la kiufundi lakini huamua mengi: wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji, na ardhi iliyo chini ya mwenye nyumba mara nyingi si yake pia. Mfumo mzuri hapa ni ule unaofunguliwa kwa spana na kuondoka na mkokoteni. Pampu mbili ndogo hubebeka. Tangi la zege lililomwagwa kwenye mteremko litabaki na mwenye ploti siku notisi itakapokuja.

Katika mtaa wa Kawangware, upande wa pili wa Ngong Road, habari ni fupi zaidi. Kuna mabonde huko pia, lakini ploti nyingi za Congo au Gatina zina usawa wa kutosha kupanga tangi na vitanda viwili bila kupanda zaidi ya kimo cha kiuno. Pampu ya wati 20 isiyo na brashi inaimaliza kazi. Shida ya Kawangware ni kivuli, maana nyumba za mabati zinapisha ghorofa kwa kasi, na paa lililokuwa na jua Januari laweza kuwa kivulini Desemba. Na aliye na kisima cha kuchimba jirani aulize kuhusu floraidi, ambayo maji ya ardhini ya Nairobi huwa nayo kwa wingi.

Kwa Gatwekera, mtu huanza na mpira wa kuonea ndani wenye mita 20, ule waashi hujaza maji kupimia usawa. Mmoja anashika ncha juu, mwingine chini. Maji ndani ya mpira hayadanganyi. Wanapima kutoka uso wa maji ya tangi la chini hadi mdomo wa bomba la juu, si kutoka ardhi hadi ardhi. Wanaongeza msuguano. Pampu izamishwe chini, isiwekwe juu ivute; kwa hewa ya mita 1,700 hakuna pampu duniani inayoweza kuvuta maji zaidi ya mita nane na kitu kutoka chini, na zile ndogo hushindwa mapema zaidi. Karatasi inayokwenda Luthuli inakuwa na lita, mita na saa. Wati ataziandika muuzaji.

Kisha kuna kungoja. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye kokoto, na kabla yao hakuna samaki wa kuingizwa kwa wingi. Wiki hizo huwaudhi watu, maana kila kitu kimefungwa, maji yanazunguka, na hakuna cha kuonyesha majirani. Lakini ndizo wiki za kuijaribu betri. Paneli inafunikwa gunia saa kumi jioni, kana kwamba ni Julai, na mapovu yanaachwa yaendelee hadi saa mbili asubuhi. Mwenye mfumo anaamka saa tisa usiku, anasimama mlangoni na tochi ya simu, na kusikiliza kama tangi bado linachemka.